Mawe ya Pembeni: Nilivyojifunza Kuanza na c4

Mchezo wa sataranji ulionifungua macho niliupoteza kwa hatua 23. Nilikuwa na kete nyeupe. Nilianza na c4, yaani askari wa safu ya c akasogea mpaka mraba wa c4, kama nilivyozoea, yule kijana akajibu e5, nikasogeza g3, naye akacheza c6. Sikusimama hata sekunde kumi. Askofu wangu akaenda g2. Yeye akasukuma d5, tukalana askari, na mara mbele yangu wakawa wamesimama askari wake wawili bega kwa bega, mmoja d5, mwingine e5. Nikaendelea na ratiba yangu: d3, farasi huku, farasi kule, mfalme mafichoni nyuma ya ngome. Kila kete ilikaa pale inapokaa siku zote. Hatua chache baadaye yule askari wa d5 akashuka d4, farasi wangu wa c3 akatimuliwa, kisha askari wa f naye akaanza kuja. Sikuwa nimefanya kosa lolote la wazi. Hakuna kete niliyoiacha iliwe bure. Lakini sikuwa na pa kupumulia, na mfalme wangu alikamatwa huku nusu ya kete zangu hazijafanya kazi yoyote.

Wakati huo nilikuwa nimeshacheza Ufunguzi wa Kiingereza, ndiyo huko kuanza na c4, kwa karibu mwaka mzima.

Niliuchukua kwa sababu ambayo leo naona ndiyo iliyonichelewesha. Mimi ni fundi simu, nina meza yangu Kariakoo, na muda wa kusoma sataranji ni ule wa usiku watoto wakishalala. Vijana ninaokutana nao Jumapili wamekariri njia za e4 hadi hatua ya 15, wanazipata kwenye simu zao. Rafiki mmoja akaniambia: cheza c4, halafu g3, halafu askofu g2, utacheza vilevile hata mwenzio afanye nini. Nikaona nimepata njia ya kupita uchochoroni, barabara kuu niwaachie wenye nguvu. Kwa wapinzani dhaifu ilifanya kazi. Kwa wale wanaojua kuuliza maswali, nilikuwa napigwa kila mara kwa namna ileile: kubanwa polepole mpaka nakosa hatua ya kucheza.

Pale tunapochezea kuna mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu. Haongei sana. Siku ile alikuwa amekaa pembeni akiuangalia mchezo wangu wote, na yule kijana alipoondoka nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee," akaitikia, akavuta kiti. Hakunionyesha nilipokosea. Aliondoa kete zote ubaoni akabakiza nyeupe tu, akazipanga kama nilivyozipanga: askari c4, farasi c3, askari g3, askofu g2. Kisha akaomba vizibo vya soda kwa mama muuza vinywaji.

"Mwanangu, hizi kete zako zinatazama wapi?"

Nikasema zinatazama upande wa malkia. Akatikisa kichwa. Akachukua kizibo kimoja akakiweka d5. "Hiki ni cha askari wa c4." Akaongeza cha pili juu yake. "Farasi." Cha tatu. "Askofu, kutoka g2 mpaka pale, ulalo mzima uko wazi." Mnara wa vizibo vitatu ukasimama d5, mraba ambao sikuwa na kete yoyote juu yake. Nilikuwa nimecheza hatua hizo mara mia na zaidi bila kuuona.

Halafu akachukua farasi wa upande wa mfalme, akamweka f3, pale ninapomweka kila siku. Akakiondoa kizibo cha juu kabisa. Nikamuuliza kwa nini. Akanyoosha kidole kwenye ulalo: askofu wa g2 sasa amezibwa na farasi wake mwenyewe. Mpaka farasi huyo atakapoondoka, askofu hana habari na d5. Akamrudisha farasi, akasogeza askari wa e mpaka e4. Kizibo cha askofu hakikurudi, kwa sababu naye e4 anauziba ulalo uleule, ila askari mwenyewe anaitazama d5, kwa hiyo akaweka kizibo kingine kwa ajili yake. Kila hatua niliyodhani ni ya kawaida ilikuwa inaongeza au inapunguza kitu pale katikati.

Maneno aliyoniambia baadaye nayakumbuka kwa sababu yalitoka kwenye kazi yake. Alisema kiwanja hakipimwi kwa kusimama katikati yake. Unaweka bikoni, yale mawe ya mpaka, pembeni, na bikoni zikishakaa unajua cha kwako ni kipi. "Lakini," akasema, "ukiweka bikoni halafu ukaenda kulala, utakuta mtu kajenga." Anayeishi Dar es Salaam hahitaji kufafanuliwa hilo.

Nililala na sentensi hiyo. Yule kijana alikuwa amejenga d5 na e5, mimi nikiwa nalinda bikoni zangu.

Ufunguzi wenyewe una historia ndefu. Jina la Kiingereza lilikuja kwa sababu ya Howard Staunton, Mwingereza aliyekwenda Paris mwaka 1843 kupambana na Pierre Saint-Amant, Mfaransa. Walicheza michezo 21, Staunton akashinda, na c4 ilikuwa miongoni mwa silaha zake. Baada yake hatua hiyo haikupewa uzito mkubwa kwa miaka mingi. Walimu wa zamani walishikilia kwamba katikati inashikwa kwa kuikalia: weka askari e4 na d4, basi. Fikra za kuishambulia katikati kutoka mbali zilishika kasi miaka ya 1920, na mtu ninayempenda kuliko wote katika kundi hilo ni Richard Réti.

Réti alizaliwa mwaka 1889 Pezinok, mji ambao leo uko Slovakia. Mwaka 1924 kule New York alimfunga José Raúl Capablanca, bingwa wa dunia, ambaye hakuwa amepoteza mchezo tangu 1916. Alianza kwa farasi f3. Watu wengi huusimulia mchezo huo, nami niliusoma, lakini ulionifundisha ni mwingine wa mashindano hayohayo, dhidi ya Efim Bogoljubov, uliopata tuzo ya kwanza ya uzuri.

Niliucheza ubaoni mwangu usiku mmoja, taratibu, hatua moja moja. Farasi f3, askari c4, g3, askofu g2, b3, askofu wa pili b2. Kete mbili za ulalo zimeketi pembeni kama taa mbili. Mpaka hapo nikasema, naam, huyu anacheza kama mimi. Kisha hatua ya 8, Réti akasukuma d4. Hatua ya 12 akacheza f3 kumng'oa askari mweusi aliyekuwa ametua e4. Hatua ya 15 akasukuma e4 yake mwenyewe. Nikaacha kuendelea, nikarudi nyuma kuhesabu. Yule mtu ninayeambiwa ni bingwa wa kufungua kwa pembeni, kwenye hatua ya 15 askari wake wako c4, d4 na e4! Hakuwa ameikimbia katikati hata kidogo. Alisubiri mpaka akajua mwenzake ameweka wapi vitu vyake, halafu akaingia. Na yule askofu wa g2 ndiye aliyemaliza kazi: akala f3, akaenda h5, akapiga f7, na hatua ya 25 akaingia e8, katikati ya ngome ya Bogoljubov na askofu wake. Ngome ikashindwa kumlinda askofu wa f8. Bogoljubov akakubali.

Nilimtazama askofu huyo pale e8 kwa muda mrefu. Wangu siku zote walikufa wakiwa g2.

Baada ya hapo nilibadilisha namna ya kujifunza. Niliacha kukariri mpangilio nikaanza kujiuliza swali moja kila mwenzangu anapocheza: askari wake wa katikati nitampiga kwa kete gani, na lini? Jibu halifanani kila mara. Akiweka e5 na farasi c6, ubao unafanana na ule wa Ulinzi wa Kisisilia, pale mweusi anapojibu e4 kwa c5, ila umegeuzwa na mimi nina hatua moja ya ziada. Hapo silaha yangu ni askari wa b. Hili nitalieleza kwa mchezo, maana ndio mchezo wa kwanza nilioshinda nikijua kwa nini nimeshinda.

Tulikwenda hivi: c4 e5, farasi c3 na farasi f6, g3 na d5. Nikala d5, akarudisha kwa farasi. Askofu g2, farasi wake akarudi b6. Farasi wangu f3, farasi wake c6. Tukaficha wafalme, nikacheza d3, kisha a3, naye askofu wake mmoja akakaa e7, wa pili e6. Hatua ya 10 nikasogeza b4.

Hatua hiyo ni ndogo kwa kuitazama. Askari wa pembeni amesogea miraba miwili. Lakini niliambiwa nitazame vizibo, nikavitazama. Askari wake wa e5 analindwa na nani? Na farasi wa c6 peke yake. Na b5 itamfukuza huyo farasi. Kwa hiyo askari wangu wa b, kule pembeni kabisa, anampiga askari wa e5 bila kumgusa.

Mpinzani wangu alicheza malkia d7. Hatua ya kawaida, alitaka kupeleka askofu h3 ili amwondoe askofu wangu mwema. Nikasukuma b5. Farasi wake akaruka d4, nami nikamla askari wa e5 kwa farasi. Farasi huyo akawa amemtisha malkia wa d7, na kwa kuwa alikuwa ameondoka f3, ulalo wa g2 ukafunguka mpaka b7. Kizibo kilikuwa kimerudi. Nilihisi mikono inatetemeka, si kwa sababu ya askari mmoja niliyempata, bali kwa kuwa kete zangu zote zilikuwa zinasema jambo moja. Nilishinda kwa hatua 40 na ushee.

Hatua nzuri kwa mweusi pale, nilijifunza baadaye, ni kusukuma a5 kwanza au kulinda e5 kwa f6. Wenye kujua wanacheza hivyo, na hapo kazi inakuwa ndefu.

Wazee wa bao watanielewa nikisema kitu. Bao la Kiswahili huanza na kete kumi tu ubaoni kwa kila mchezaji, sita zikiwa kwenye nyumba, na 22 zimebaki mkononi. Mtu asiyelijua huangalia ubao akadhani vita ni ile anayoiona. Anayelijua anaangalia na mkono. Ndivyo ninavyoutazama sasa ufunguzi wa pembeni: askari wa d na wa e ambao bado hawajasogea ni kete zilizo mkononi. Sijazitupa. Nachagua pa kuziweka.

Hapa lazima niseme ukweli kuhusu upande wa pili, kwa sababu nimeona vijana wakiupenda mtindo huu kwa uvivu, kama nilivyoupenda mimi. Kuanza pembeni hakukupi ruhusa ya kuchelewa. Mwaka 1970 kule Belgrade, timu ya Umoja wa Kisovyeti ilipambana na timu ya dunia nzima. Meza ya kwanza ya dunia alikaa Bent Larsen wa Denmark, mbele hata ya Bobby Fischer, na Larsen alikuwa mtu wa b3. Aliicheza dhidi ya Boris Spassky, bingwa wa dunia wakati huo. Spassky alijibu e5, akamleta askari huyo mpaka e4 kumfukuza farasi wa f3. Farasi wa Larsen akaenda d4, akala c6, yaani ametembea mara tatu ili abadilishane na kete iliyotembea mara moja. Kisha Larsen akasukuma f4, mfalme akiwa bado katikati. Askari wa h wa Spassky akaanza kushuka, ngome nyeusi ikatolewa kafara h1, na askari huyohuyo, aliyekuwa amekula na kuhamia safu ya g, akaendelea mpaka akawa malkia. Hatua 17 tu, kwisha.

Nimeucheza mchezo huo ubaoni mara nyingi kuliko ule wa Réti. Ndio unaoniambia ni lini bikoni zinang'olewa. Kila ninapotaka kusogeza farasi yuleyule mara ya pili kabla ya kumficha mfalme, naona ile ngome ya h1.

Na watu wakiniambia c4 ni hatua ya waoga, nawatajia Seville. Desemba 1987, mchezo wa 24 na wa mwisho wa pambano la taji la dunia, bingwa Garry Kasparov yuko nyuma ya Anatoly Karpov, 11 kwa 12. Sare inampa Karpov taji. Kasparov lazima ashinde, hana siku nyingine. Mtu angetegemea aanze na e4, avamie. Alianza na c4. Maaskofu wote wawili wakakaa kwenye ulalo mrefu, kete nyingi zikabaki ubaoni, na Karpov akalazimika kuamua jambo gumu katika kila hatua huku saa ikimwendea mbio. Mchezo uliahirishwa ukamalizika siku iliyofuata, hatua 64. Kasparov akashinda, pambano likawa 12 kwa 12, taji likabaki kwake. Mimi naamini aliichagua kwa sababu ufunguzi huu haumpi mwenzako nafasi ya kusawazisha haraka na kumaliza kazi mapema. Unamweka mezani, afikiri.

Kitu ambacho bado kinanisumbua ni ule mpangilio wa Botvinnik, bingwa wa dunia wa zamani: askari c4 na e4 pamoja, d3, na farasi wa mfalme akipitia e2 badala ya f3. Unaifunga d5 kabisa, mweusi hawezi kuisukuma. Farasi hazuii askari wa f, kwa hiyo f4 inakuja yenyewe. Lakini unaacha shimo d4, na hakuna askari wa kulilinda tena. Farasi mweusi akitua pale na kukaa, unajuta. Nimeshinda na mpangilio huu mara kadhaa na nimepigwa mara nyingi zaidi. Nadhani bado nasukuma f4 mapema mno, kabla ya kumwandalia farasi wa d4 kitu cha kubadilishana naye. Nalifanyia kazi.

Mwezi uliopita nilikutana tena na yule kijana wa kwanza. Amekua, anacheza vizuri zaidi. Nilipata nyeupe. c4, e5, g3, c6. Hatua zilezile. Safari hii niliondoa mkono ubaoni, nikaukunja mapajani, nikatazama. Askari wa c6 anataka nini? Anataka d5 iwe na mlinzi, ili wakisimama wawili wasing'oke. Kwa hiyo wasisimame wawili. Nikasukuma d4.

Aliinua macho akaniangalia, kisha akarudi ubaoni akakaa dakika tisa. Akala d4. Nikala kwa malkia. Akasukuma d5, nikaweka askofu g2, farasi wake akaja f6, tukalana d5, na askari wake akabaki pale peke yake, kulia hana mwenzake, kushoto hana mwenzake. Farasi wake wa c6 alimfukuza malkia wangu, nikampeleka a4. Baadaye nikaweka farasi d4, mbele kabisa ya yule askari, akamzuia kama jiwe mlangoni. Tulicheza saa tatu. Alijilinda vizuri mno, akamtoa huyo askari kwa wakati, tukaishia na ngome moja moja na askari wanne wanne. Sare. Aliponipa mkono aliniuliza ile d4 niliitoa wapi.

Mzee alikuwepo. Aliichukua karatasi yangu ya hatua, akavaa miwani. Alipofika hatua ya 3 akagonga kidole juu yake mara moja, akaendelea kushuka. Akasimama hatua ya 19, pale niliposogeza ngome badala ya kusukuma askari wa b.

"Hapa," akasema, "ulichelewa." Akaanza kupanga kete upya.